Haki ya Ungo

Kwenye msiba wa Shangazi Skola hapakupikwa karanga. Nililiona hilo mchana wa kwanza, nilipopewa sahani ya ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa mafuta ya alizeti, na nikaliona tena siku ya pili na ya tatu. Kasokola ni kijiji cha karanga. Mboga inayoletwa mbele ya mgeni bila karanga humfanya ajiulize amewakosea nini wenyeji. Wanawake waliokuja kusaidia kupika nao waliliona. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Hawa wamekosa hata karanga za kuungia mboga?" Mwenzake, mtu mzima kidogo, akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, "Nyie pikeni mlichopewa. Nyumba hii haiingizi karanga. Haijaanza leo." Sikuuliza kitu. Mimi niliyeishi miaka yote kwa kazi ya kuuliza watu maswali na kuandika majibu yao, niliinama nikala. Nilijua haijaanza leo. Nilijua hata mwaka ilipoanza, kwa kuwa mwaka huo nilikuwa nakaa katika nyumba hiyohiyo, chumba cha pili kutoka jikoni, na karanga zilikuwa zinaingia kwa mkono wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyekihitaji. Mpanda wakati ule ilikuwa wilaya tu ya Rukwa, mkoa wa Katavi haujazaliwa, na mtu akitaka kutuma salamu Tabora alimtafuta abiria stesheni. Kila Jumatatu alfajiri nilipanda baiskeli ya Shangazi kwenda mjini, nikalala huko kwa mama mmoja wa kanisani hadi Jumamosi, halafu nikarudi Kasokola. Kazi yangu ilikuwa kuchambua karanga katika ghala la Bi Mwajuma, mfanyabiashara ambaye baba yake alitoka Ujiji na mama yake alikuwa Mnyamwezi, mwanamke aliyevaa ushungi mweupe hata ndani ya vumbi lile na ukabaki mweupe. Ghala lilikuwa karibu na stesheni kiasi kwamba treni ikianza kuondoka uchafu wa dari ulitudondokea kwenye nyungo. Lilikuwa chumba kimoja kirefu cha matofali ya kuchoma. Tulikuwa wanawake saba, kila mmoja na ungo wake, na tulihama na mwanga: asubuhi chini ya dirisha, alasiri mlangoni. Nakumbuka harufu kuliko nyuso. Katani mpya ya magunia, vumbi la maganda, na chini ya hivyo vyote harufu nyingine, ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka.

Aliyekaa kulia kwangu alikuwa Mama Pili, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe, mama wa watoto wanne. Yeye ndiye aliyenipa jina la Karani, kwa sababu nilikuwa na daftari dogo ambalo niliandika humo chochote nilichokiona. "Karani, hiyo unayoandika ni dua au majungu?" "Ni majungu, Mama Pili." "Basi andika na langu. Mume wangu anakoroma Kisukuma, mimi naota Kiswahili, ndiyo maana hatuelewani." Wote wakacheka, hata Bi Mwajuma aliyekuwa kwenye mizani alicheka na kutuambia mikono isisimame. Ndivyo siku zilivyokwenda. Nimeona vyumba vingi vya kazi tangu wakati ule, na sijaona kingine ambacho watu walicheka kiasi hicho. Naandika hili kwa sababu ni kweli, ingawa siku hizi kicheko kile kikinirudia masikioni nahisi kama ninasikia watu wakicheka karibu na kisima kisicho na mfuniko.

Lazima nieleze ule utaratibu wetu, maana bila huo hakuna kinachoeleweka. Karanga nzima, nyekundu, zenye ngozi iliyobana, zilikwenda kwenye gunia la Bi Mwajuma, na gunia likapanda treni. Zilizosinyaa, zilizopasuka, nyeusi, na zile zenye ukungu tuliziweka kwenye kikapu pembeni mwa goti. Kikapu hicho kilikuwa cha mchambuaji. Kila Jumamosi mchana kila mmoja alimimina kikapu chake kwenye mfuko akaenda nacho nyumbani, na hakuna mwenye ghala Mpanda nzima aliyethubutu kukigusa. Tuliiita haki ya ungo. Mama zetu waliikuta, tukaikuta. Uzuri wake, kama tulivyouona, ni kwamba ilimlipa anayejua kazi: mwenye jicho kali aliona vibaya vingi zaidi, kwa hiyo alibeba zaidi. Mimi nilikuwa na jicho kali kuliko wote. Wiki ya nne tu Mama Pili alipima mfuko wangu kwa mkono, akasema, "Huyu mtoto ana macho ya mwewe. Kwa shangazi yake wataota vitambi."

Mwaka huo mvua haikutaka kuondoka. Karanga ziling'olewa, zikageuzwa mizizi juu ili zikauke, zikanyeshewa hapohapo shambani, zikaanikwa tena, zikanyeshewa tena. Na hata zile zilizobahatika kukauka zilirudishiwa maji na watu wenyewe. Nilimwona Shangazi akifanya hivyo siku ya kwanza nilipomsaidia kubangua. Alichukua bakuli la maji, akanyunyiza juu ya lundo la karanga kwa ncha za vidole kama padri anavyonyunyizia waumini, akafunika na gunia. "Zilale hivyo mpaka kesho, ganda lilainike," alisema. "Hivi vidole vyangu si koleo." Kasokola nzima ilifanya hivyo, na Magamba, na kila kijiji kilicholeta karanga kwa Bi Mwajuma. Ganda kavu linachana ngozi ya kidole gumba mpaka damu. Nani angewalaumu? Lakini karanga iliyolowa ikatiwa kwenye gunia ina siku chache tu kabla haijaota manyoya. Ukiipasua katikati unakuta unga laini wa rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, na ukiionja ulimi unakataa. Ni uchungu unaokaa kwenye meno ya nyuma hata ukinywa maji.

Shangazi alikuwa na dawa ya uchungu huo. Alizioka karanga zangu kwenye kigae mpaka ziwe nyeusi kidogo, akazipepeta ngozi zote zikaruka, akazitwanga, akachekecha, na alipotia sukari hakuna ambaye angejua. "Ukungu ni unyevu tu," alisema, "na unyevu unaogopa moto." Unga ule uliingia kwenye majani ya maboga, kwenye kisamvu, kwenye mlenda, na zaidi ya yote kwenye uji wa ulezi wa Editha. Editha alikuwa mtoto wa Oliva, binti wa Shangazi, mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Alikuwa na miaka miwili, ameachishwa ziwa muda si mrefu, na alikunywa uji huo asubuhi na jioni. Jumamosi alikuwa akisikia kengele ya baiskeli kwenye mteremko wa kanisani anatoka mbio bila nguo, na nilipofungua mfuko alitia mikono yote miwili ndani akazimwaga kichwani kwake kama mtu anayeoga. Oliva alikuwa akisema, "Dada, siku utakayoolewa huyu atakufa njaa." Maneno ya mzaha. Nimeyaandika katika daftari, kwa wino wa bluu, na yapo.

Bwana shamba alikuja ghalani mwezi wa saba. Alikuwa kijana mwembamba, ameegesha pikipiki yake kivulini, ameshika kofia mkononi kwa adabu. Alimwomba Bi Mwajuma ruhusa, akachuchumaa mbele ya Mama Pili, akachukua karanga moja kutoka kwenye kikapu, akaipasua kwa ukucha na kutuonyesha. "Mama zangu, huu ukungu wa njano-kijani una sumu. Sumu yenyewe huioni na moto hauitoi. Inakaa kwenye ini. Hizi si chakula cha mtu, wala cha kuku. Zichimbiwe shimo, zichomwe, zifukiwe." Alisema pia kuhusu yale maji ya kulowesha maganda, kwamba waache. Siku hizi jambo hilo lina jina, sumukuvu, na redio inalitaja kati ya muziki na muziki. Wakati ule yeye mwenyewe hakuwa na jina la kutupa. Alikuwa na vumbi la kijani kwenye ncha ya kidole chake, basi. Bi Mwajuma, ambaye alimwogopa Mungu na pia aliiogopa serikali, akasema kuanzia Jumamosi ile vikapu vyote vitamwagwa, na akamwita mtu wa kuchimba shimo nyuma ya ghala.

Nyungo zikawekwa chini. Mama Pili ndiye aliyeanza, na hakumwangalia Bi Mwajuma, alimwangalia bwana shamba. "Baba, wewe umekula nini asubuhi?" Kijana akasita, akasema chai na mkate. "Sisi tumekula hizo." Halafu akanigeukia. "Karani, wewe una kidato cha nne. Simama useme." Nilisimama. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima mtu aniambie cheti changu kina kazi. Nilisema vizuri, hilo nikiri, maana niliyaandika maneno yangu jioni ile kwa fahari. Nilisema haki ya ungo ni ya zamani kuliko ghala hili. Nilisema kama mbovu zinafukiwa basi tupewe nzuri badala yake, na kama nzuri haziwezi kutolewa basi mbovu zisifukiwe. Wakapiga vigelegele. Nikaona nisiishie hapo. Nikamgeukia yule kijana nikamuuliza, "Bwana shamba, umewahi kumwona kwa macho yako mtu aliyekufa kwa karanga?"

Angeweza kudanganya. Angesema ndiyo, Mpimbwe, mwaka juzi, familia nzima, na tungekwenda nyumbani mikono mitupu tukinung'unika. Lakini alikuwa mkweli. Alitazama kofia yake, akasema, "Mimi mwenyewe sijamwona." Ghala likalipuka kwa kicheko. Mama Pili alipiga ungo wake kama ngoma. "Hajamwona! Nyie, hajamwona! Rudi ukamtafute, baba, ukimpata umlete hapa tumsalimie!" Bi Mwajuma aliinua mikono, akasema basi, yaishe, kila mtu achukue kikapu chake na asije akamlaumu kesho mbele za Mungu. Kijana alivaa kofia yake. Alipopita mbele yangu alisimama kidogo, akasema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia, "Dada, hakuna aliyemwona kwa sababu hakuna aliyemtafuta." Nikamtazama kama mshindi anavyomtazama mshindwa. Nimekaa na sentensi hiyo miaka karibu thelathini. Nimeifanyia kazi, nimelipwa kwa ajili yake, nimewafundisha vijana kwamba ndiyo msingi wa kazi yetu. Sijawahi kuwaambia niliipata wapi.

Jumamosi hiyo mfuko wangu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Wenzangu walinitilia kila mmoja kiganja, zawadi ya msemaji. Niliufunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, na njia nzima nilikuwa naimba.

Bata walitangulia. Shangazi alikuwa na bata wanne waliokula ngozi na chenga alizopepeta uani. Walilala chali mmoja baada ya mwingine ndani ya siku tano. "Kideri," alisema Shangazi, ingawa huo ni ugonjwa wa kuku, na kuku wa jirani walikuwa wazima wanaparua. Kwenye daftari nimeandika: Bata wanne. Kideri? Nimeweka na alama ya kuuliza. Mara nyingi nimeitazama alama hiyo. Mkono wangu ulikuwa umeshajua, ila mwenye mkono hakutaka kusoma. Wiki iliyofuata Editha alianza kukataa uji. Shangazi akaongeza sukari. Akatapika. Wakampa maji ya mchele, wakampa dawa ya minyoo, wakampa dawa ya malaria. Jumamosi niliporudi hakukimbia. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya kitenge, tumbo limejaa, miguu imevimba kama ya mtu mzima, na weupe wa macho yake umekuwa wa rangi ya kiini cha yai. Niliweka mfuko ukutani. Alinyoosha mkono kuutaka.

Tulimpeleka hospitali mjini siku hiyohiyo, Oliva amembeba nyuma ya baiskeli, mimi na Shangazi tukisukuma kwa zamu. Wodi ilikuwa na vitanda vilivyopakana na ukuta wenye rangi ya maziwa. Daktari, mtu mzima mpole, alimgusa Editha chini ya mbavu, akasema ni ini. Akauliza mtoto anakula nini. "Uji," alisema Shangazi. "Wa nini, mama?" "Wa ulezi. Na karanga." Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri. Karanga zina lishe." Alikuwa anatutazama sote watatu, kalamu mkononi, kwa muda ambao mtu angeweza kusema neno moja. Neno lenyewe lilikuwa mbovu. Nilikuwa nalo mdomoni. Nilikumbuka vigelegele, nikakumbuka Mama Pili anavyopiga ungo, na nikaona jinsi nitakavyoonekana. Nikalimeza. Sijui kama lingemsaidia. Huenda muda ulikuwa umeshapita. Lakini daktari aligeuka akaandika, na alichoandika hakikuwa na neno hilo. Editha alifariki siku ya nne, saa nne asubuhi, jua likiwa limefika miguuni mwa kitanda. Oliva alikuwa amekwenda kumchemshia maji.

Baada ya mazishi nilirudi ghalani, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Jumamosi nilichukua kikapu changu nikaelekea kwenye shimo lililoachwa nusu nyuma ya ghala. Mama Pili alinifuata. "Karani, unamwaga? Pole mwanangu, najua msiba unachosha. Kama hutaki kubeba, nipe mimi. Nyumbani kwangu midomo ni mingi." Nikampa. Naomba msomaji asome tena hapo. Nilikuwa nimetoka kumzika mtoto, nikampa. Kumnyima kungehitaji maelezo, na maelezo yangeanza na mimi. Nilifanya hivyo kila Jumamosi mpaka mwisho wa mwaka, nilipopanda treni ya Tabora nikiwa na sanduku moja. Nyuma ya behewa letu lilikuwa limeunganishwa behewa la mizigo, na ndani yake, najua, zilikuwemo karanga safi nilizochambua kwa macho yangu, zikienda kwa watoto wa watu. Watoto wa Mama Pili sikuwahi kuwaulizia.

Miezi ile ya mwisho Shangazi hakupika karanga. Alisema meno yanamuuma. Alinipakulia mimi kwanza, kabla ya Oliva, akanichagulia kipande kizuri cha samaki, na mara mbili nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba changu bila kusema anataka nini. Nilidhani ni huzuni.

Siku ya nne baada ya kumzika Shangazi, watu wengi wameshaondoka, Oliva aliniita jikoni. Ni mama mtu mzima sasa, ana wajukuu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mbele yake gunia la mchele uliotoka Majimoto kwa ajili ya wale waliobaki. Alinyoosha mkono juu ya dari ya jiko akatoa ungo uliokuwa mweusi kwa moshi. Niliutambua kwa kamba nyekundu niliyoufungia pembeni enzi za ghala. "Mama alisema huu ni wako." Niliushika. Nikasema, "Oliva, kuna jambo sijawahi kukuambia." Akasema, "Liseme." Nikalisema lote, kwa mpangilio, kama nilivyozoea: shimo, vigelegele, swali langu, jibu la bwana shamba, mfuko mzito, bata, daktari na kalamu yake. Oliva alikuwa akitoa punje za mpunga kwenye mchele, moja moja.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yule bwana shamba alikuja hapa. Wiki moja baada ya kuzika, wewe ukiwa ghalani. Alikaa hapo ulipokaa wewe. Alitueleza kila kitu, hata walivyokupigia vigelegele. Alilia, kijana wa watu. Alisema afadhali angedanganya siku ile, angesema amemwona."

"Kwa hiyo mlijua. Na mimi nilikuwa bado nakaa hapa."

"Tulikupakulia kila uliporudi." Akatupa punje ya mpunga kwa kuku. "Mama alisema usiambiwe. Alisema, huyu naye ni mtoto, tukimwambia tutazika wawili. Halafu akasema, karanga nilizitwanga mimi, kama ni kosa tuligawane. Akakusamehe palepale, mbele ya yule mgeni."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Nilisema, ni mtu wa kusema huyu, atasema. Ukaja harusi ya mdogo wangu, ukaondoka. Ukaja Mama alipovunjika mguu, ukaondoka. Nilikuwa nasikia unawaandika magazetini watu waliokosea, nikasema labda mwaka huu."

"Sasa nimesema, Oliva."

"Ndiyo. Umesema Mama akiwa ardhini."

Nje mtu aliuliza kama maji ya wali yamechemka. Oliva alijaza mchele kwenye ungo wangu mpaka ukafika kwenye kamba nyekundu, akaniwekea mapajani. "Chambua," alisema. "Watu hawajala. Na wewe jicho lako ni kali."

Nikachambua. Vidole vilikuwa vimesahau kwa muda mfupi tu, kisha vikakumbuka. Nilitoa mawe, nikatoa punje za mpunga, nikatoa chenga zilizofifia rangi, nikazikusanya pembeni mwa goti langu la kulia, mahali pa zamani pa kikapu. Oliva aliinama, akazikusanya zote kwa kiganja, hakuacha hata moja, akazitupa kwenye moto. Alikuwa ananitazama mimi, si moto, mpaka zilipokwisha kupasuka.